Bustani ya Nyumbani Kiangazi Kinapokaribia

Mwishoni mwa Mei, mvua za masika zinapoaga Mwanza, bustani nyingi za nyumbani huanza kunyauka. Sababu si uvivu: muuguzi atokaye zamu ya usiku, au mchuuzi arudiye giza limeingia, hana nafasi ya kumwagilia kila siku. Wengine huwatuma watoto ziwani na ndoo. Hapo ndipo mboga huweza kuleta maradhi, kwani vimelea vya kichocho, vitokavyo kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama katika maji ya ufukweni.

Dawa ni kuiandaa bustani kabla udongo haujakauka. Matembele, yanayochipua tena kila yachumwapo, yapandwe karibu na jiko. Udongo ufunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu udumu. Maji yaliyooshea mboga au mchele, yasiyo na sabuni, yamwagwe tutani badala ya uani.

Jumamosi moja ya kazi hiyo huipatia familia mboga zenye vitamini A wakati wa kiangazi, na humpunguzia mtoto safari za ziwani.