Kifuniko cha pikapu pekee hakitoshi kulinda baiskeli safarini

SI ajabu siku hizi kuona pikapu ikiteremka Mai Mahiu asubuhi ya Jumamosi, baiskeli mbili au tatu zikiwa zimelazwa nyuma.

Wengi wa wasafiri hao huelekea Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi. Hiyo ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Wengine husonga mbele hadi eneo la Maasai Mara, ambako mashindano ya Migration Gravel Race yalianza mwaka wa 2021.

Kwa mwanamichezo chipukizi, baiskeli ya mashindano huwa ni akiba ya miaka kadhaa. Ikiibwa wakati dereva amesimama kunywa chai kando ya barabara, matumaini ya msimu mzima huzimika.

Ndiyo maana baadhi ya wenye pikapu huweka kifuniko kinachofungwa kwa ufunguo juu ya sehemu ya mizigo. Kifuniko hicho huificha baiskeli isionekane, na mwizi huvutiwa kwanza na kile anachokiona.

Hata hivyo, kifuniko hakina maana iwapo mlango wa nyuma hauna kufuli. Pikapu nyingi, hasa za miaka ya nyuma, zina mlango ambao mtu yeyote anaweza kuufungua kwa kuvuta komeo. Kabla ya kununua kifuniko, hakikisha kwamba mlango huo unafungwa kwa ufunguo. Ikiwa sivyo, mwambie fundi autilie kufuli.

Vifuniko navyo havilingani. Kile cha turubai ni chepesi na cha bei nafuu, lakini hukatwa kwa kisu kwa muda mfupi. Kile kigumu cha faiba au alumini humchelewesha mwizi zaidi. Kile cha kuviringishwa ni rahisi kutumia, ila kasha linalokihifadhi hukaa nyuma ya kichwa cha gari na kupunguza nafasi ya mizigo.

Baada ya usalama, swali la pili ni vipimo. Pikapu yenye safu mbili za viti huwa na sehemu ya mizigo yenye urefu wa takriban mita 1.5, ilhali baiskeli nzima ya mtu mzima hukaribia mita 1.7 au zaidi. Pikapu yenye safu moja ya viti huwa na nafasi inayozidi mita 2, hivyo urefu si tatizo.

Wengi hupima urefu pekee na kusahau kina. Kutoka sakafu hadi kwenye kifuniko, nafasi huwa karibu sentimita 45 hadi 50. Baiskeli haiwezi kusimama humo, sharti ilazwe.

Hapo ndipo usukani unapoleta taabu. Usukani wa baiskeli ya milimani huwa na upana wa kati ya sentimita 70 na 80. Baiskeli ikilazwa, usukani husimama wima na kukizuia kifuniko kisifunge. Usukani wa baiskeli za barabara kuu, ambao upana wake huwa sentimita 40 na ushei, hauna shida hiyo.

Suluhisho ni kulegeza bolti zinazoushika usukani kwa spana ya pembe sita, kisha kuuzungusha hadi ulale sambamba na fremu. Ondoa gurudumu la mbele na ushushe kiti. Baiskeli yenye magurudumu makubwa ya inchi 29 huenda ikahitaji kuondolewa magurudumu yote mawili.

Pedali nazo ziondolewe ili zisikwaruze baiskeli ya jirani. Kumbuka kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha kama mishale ya saa inavyokwenda, kinyume na ile ya kulia. Ukilazimisha, utaharibu nyuzi zake.

Laza baiskeli upande wa kushoto ili cheni na gia ziwe juu. Mkono unaohamisha cheni ukigandamizwa, hupinda na gia hukataa kuingia. Tandika blanketi kuukuu au godoro jembamba chini, na uweke jingine kati ya baiskeli na baiskeli.

Iwapo breki ni za diski na zinatumia mafuta, tia kipande cha plastiki au kadibodi ngumu kati ya pedi zake mara tu unapoondoa gurudumu. Mtu akibana breki bila kukusudia, pedi hukutana na gurudumu hukataa kurudi mahali pake.

Vilevile, funga kila fremu kwa mkanda ili isiteleze dereva anapopiga breki. Kisha pitisha mnyororo wenye kufuli katika fremu zote hadi kwenye pete za chuma zilizomo ndani ya pikapu. Mwizi akifaulu kuvunja kifuniko, atakuta kazi nyingine inamngoja.

Wapo wanaoamua kusafiri na mlango wa nyuma ukiwa wazi ili baiskeli zitoshee. Hilo huondoa ulinzi wote wa kifuniko, na mlango ulioteremshwa unaweza kuficha nambari ya usajili. Aidha, sheria za trafiki nchini hukataza kupakia gari kwa namna inayohatarisha watumiaji wengine wa barabara.

Jambo jingine ni vumbi. Katika barabara za changarawe, gari linapokwenda kasi hewa huvuta vumbi na kuliingiza kupitia mianya ya mlango wa nyuma. Ziba mianya hiyo kwa mpira, na ufute cheni kabla ya kuitia mafuta mapya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nakili nambari iliyochongwa kwenye fremu, aghalabu chini ya mahali pedali zinapoungana, piga picha na uhifadhi risiti. Bila hayo, ni vigumu kuwathibitishia polisi kwamba baiskeli iliyopatikana ni yako.

Mwishowe, ukifika usikimbilie kupanda. Kaza usukani, magurudumu, kiti na pedali, kisha bana breki zote mbili na ujaribu kuisukuma baiskeli. Usukani uliolegezwa ili kifuniko kifunge unaweza kumwangusha mwendeshaji kwenye mteremko wa kwanza, na kufuli haimkingi mtu na hatari hiyo.