Kifungo cha Haidrojeni Ndani ya Molekuli

Orthonitrofenoli na paranitrofenoli zina atomu zilezile, kwa idadi ileile. Lakini ya kwanza huyeyuka kwenye nyuzi 45 za Sentigredi, ya pili karibu na 114. Tofauti hii yatoka wapi? Katika ortho, haidrojeni ya kundi la OH hushikwa na oksijeni ya kundi la nitro lililo jirani, ikafanyika pete ya atomu sita. Katika para makundi hayo yametengana, basi molekuli hushikana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana mvuke wa maji huichukua ortho, ukaiacha para chupani.

Walimu wengi huishia hapo. Lakini kiwango cha kuyeyuka hutegemea pia mpangilio wa fuwele. Ushahidi ulio imara zaidi ni spektra ya infraredi: mmumunyo uzimuliwapo, mkanda wa OH iliyofungika hufifia katika para, katika ortho haubadiliki.