Nali, Muundi na Shavu la Mguu: Tusiyachanganye Mbele ya Daktari

Neno "nalli" wengi wetu hapa Mombasa tumelijua kwa tumbo kabla ya kulijua kwa maana. Mahoteli ya Kihindi huuza nalli nihari, mchuzi mzito wa nyama ya mguu unaopikwa kwa moto mdogo saa nyingi, mpaka uboho utoke mfupani. Na "nihari" latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mchana, kwani asili yake kilikuwa chakula cha asubuhi.

Nali kwa Kihindi ni mrija au bomba jembamba. Mfupa wa mbele wa mguu, kutoka gotini hadi kifundoni, una uwazi ndani uliojaa uboho, ndiyo nao ukaitwa nali. Sisi twauita muundi. Walatini nao walikwenda njia hiyo hiyo: "tibia" kwao lilikuwa jina la mfupa huu, na pia la zumari.

Kiingereza huligawa neno hili kulingana na mahali. Daktari ataandika "tibia". Mtu wa kawaida atasema "shinbone". Bucha na hoteli watasema "shank" wakikusudia nyama pamoja na mfupa wake, au "marrow bone" wakikusudia mfupa wenye uboho. Kwa hivyo ukiulizwa nali ni nini kwa Kiingereza, uliza kwanza: jikoni au hospitalini?

Angalia matamshi pia. Ukiivuta ile "a" ukasema "naali", umeshataja mtaro wa maji machafu.

Neno linalochanganywa na nali ni "pindli". Hili ni shavu la mguu, ile nyama ya nyuma. Kiingereza chake ni "calf", neno ambalo pia ni ndama, na tarjuma za simu zaweza kukuletea ng'ombe ulipokusudia mguu.

Naandika haya kwa sababu watu wetu wengi husafiri kwenda India kutibiwa, na Kiswahili chetu kina neno pana mno: mguu. Mgonjwa husema "mguu waniuma", mkalimani husema "pair", ambalo nalo kwa Kihindi laweza kuwa wayo au mguu mzima. Daktari hapo hajapata kitu.

Na tofauti si ndogo. Muundi umefunikwa na ngozi tu kwa mbele; ukiuma baada ya kuanguka au kugongwa, daktari atafikiria ufa na ataagiza picha ya eksirei. Lakini shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma baada ya safari ndefu ya ndege au baada ya upasuaji, huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Damu hiyo yaweza kupanda hadi mapafuni na kuua. Hilo halingoji miadi ya kesho, na kulikanda ni hatari.

Basi ukiwa na mgonjwa, usimwachie mkalimani neno "mguu" peke yake. Sema muundi au shavu la mguu, sema wa kulia au wa kushoto, kisha weka kidole panapouma. Kidole hakihitaji tarjuma.