Kolwezi: Tuta dogo la udongo linaweza kuokoa kartie, au kuisomba

Mvua zinaporudi jimboni Lualaba, kati ya mwezi wa Oktoba na Aprili, wakaaji wengi wa Kolwezi hukagua mabati ya nyumba na mifereji ya barabarani. Wachache hukumbuka kutazama upande maji yanakotoka, kule bondeni ambako tuta la udongo limezuia kijito. Tuta hilo linaweza kuwa la bwawa la samaki, la bustani ya mboga, la kampuni ya migodi, au la zamani lisilojulikana tena ni la nani.

Kwa watu wanaoishi chini yake, tuta kama hilo ni ulinzi na pia ni hatari. Jambo linaloamua ni lipi kati ya hayo mawili ni rahisi kueleweka: je, bwawa lina nafasi ya kupokea maji mapya, lina njia ya kuyatoa yanayozidi, na kuna mtu anayelitunza?

Tuanze na hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ni lita moja ya maji. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha kwenye bonde la kilomita mraba moja inaleta lita milioni 50. Sehemu moja inazama ardhini, lakini pale miti imekatwa, udongo umekanyagwa na mabati yamejaa, nusu ya maji hayo inaweza kuteremka kwa muda mfupi. Hizo ni lita milioni 25 zinazotafuta njia.

Sasa weka hapo bwawa dogo la hekta mbili. Kama maji yako mita moja chini ya njia ya kutolea maji yanayozidi, bwawa hilo linaweza kupokea lita milioni 20 na kuziachilia polepole. Kijito kinapanda, lakini hakivunji nyumba. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya tuta dogo.

Lakini kama bwawa lilikuwa limejaa tangu asubuhi, kinga hiyo karibu yote inapotea. Maji yanayoingia yanatoka papo hapo, na yakikosa pa kutokea yanapanda hadi mgongo wa tuta. Hapa ndipo mafahamiano yanakuwa magumu: mfuga samaki na mkulima wanataka bwawa lijae, wakati jirani wa chini anataka libaki na nafasi. Wasipoongea kabla ya mvua, mvua ndiyo itaamua.

Tuta la udongo haliwezi kuvumilia maji yanayopita juu yake. Zege linaweza kustahimili kwa saa kadhaa, lakini udongo unamegwa. Mfereji mdogo unajichimba kwenye mgongo, unapanuka, na baada ya muda mfupi bwawa lote linatoka kwa mara moja. Kwa sababu hiyo kila tuta linahitaji mfereji wa pembeni, mpana na imara, wa kutolea maji yanayozidi. Mfereji ulioziba kwa majani, au uliofungwa na mtu ili asipoteze samaki, unaligeuza bwawa kuwa mtego.

Njia ya pili ya kuvunjika haionekani mapema. Maji yanapenya ndani ya tuta, yanabeba punje za udongo kidogo kidogo na kutengeneza tundu. Uchunguzi uliofanywa juu ya mabwawa makubwa ya udongo duniani unaonyesha kwamba sababu hizi mbili, maji kupita juu na maji kutoboa ndani, zimesababisha sehemu kubwa sana ya ajali zote. Katika Katanga yetu kuna msaidizi mbaya zaidi: mchwa. Vichuguu vikubwa tunavyoviona kila mahali vinaonyesha jinsi wadudu hao wanavyochimba. Ndani ya tuta, njia zao zinakuwa njia za maji. Mizizi ya miti mikubwa nayo, ikioza, inaacha matundu ya namna hiyo.

Hatari hii imeshaonekana katika nchi jirani na kwetu pia. Huko Solai, karibu na Nakuru nchini Kenya, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba moja kubwa lilipasuka usiku baada ya wiki nyingi za mvua. Karibu watu 50 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Halikuwa bwawa la umeme wala la serikali. Lilikuwa bwawa la shamba, na mamlaka ya maji ya Kenya ilisema halikuwa na kibali.

Mfano wa Derna, nchini Libya, ni mchungu zaidi. Mabwawa mawili ya udongo na mawe yalijengwa huko miaka ya 1970 hasa kwa kuukinga mji na mafuriko. Watu wakajenga chini yake kwa kuamini wamekingwa. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Septemba 2023, baada ya miaka mingi bila matengenezo ya kutosha, yote mawili yalivunjika katika dhoruba kali. Maelfu ya watu walikufa.

Kwetu katika ukanda wa shaba, maji yenyewe yanaweza kuwa sumu. Tarehe 18 Februari 2025, tuta la mabaki ya kiwanda cha Sino-Metals Leach lilivunjika huko Chambishi, nchini Zambia. Kiasi kilichotajwa mwanzoni kilikuwa lita milioni 50 za maji yenye asidi, sawa na mvua ya hesabu yetu. Yaliingia katika kijito cha Mwambashi kisha mto Kafue, na mji wa Kitwe, wenye watu wapatao 700,000, ukafungiwa maji ya bomba.

Tarehe 4 Novemba 2025, ilikuwa zamu ya Lubumbashi. Maji kutoka kiwanda cha CDM, kampuni ya kundi la Kichina la Huayou Cobalt, yalimwagika katika makazi ya watu, zikiwemo kartie za Kasapa na Kamatete. Waziri wa Migodi Louis Watum alisimamisha shughuli za kiwanda hicho kwa miezi mitatu.

Kolwezi ina urithi wake. Kwa miongo mingi Gécamines ilimwaga mabaki ya kiwanda cha kuchambulia madini huko Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Leo kampuni ya Metalkol inayaosha upya ili kupata shaba na kobalti. Mabonde makubwa kama hayo yanajulikana na yana mwenyewe. Lakini tuta la mita tatu au nne, mara nyingi halimo katika orodha yoyote. Hata shirika la kimataifa la mabwawa makubwa linahesabu kuwa bwawa kubwa lile lenye kimo cha mita 15 au zaidi, au la mita 5 hadi 15 likiwa na maji zaidi ya lita bilioni tatu. Bwawa la Solai halikufikia kiasi hicho cha maji.

Sheria inasema nini? Sheria ya migodi, kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaeleza katika kifungu cha 285 bis kwamba mwenye haki ya uchimbaji anapaswa kulipa hasara iliyowapata watu, mali na mazingira kutokana na shughuli zake, hata kama hakufanya kosa. Anayedai halazimiki kuthibitisha uzembe, lakini ni lazima aonyeshe kwamba hasara imetoka kwenye shughuli hizo. Kwa hiyo picha zenye tarehe, majina ya mashahidi na maji yaliyochukuliwa mbele ya wakubwa ni mambo ya maana. Kwa mabwawa yasiyo ya migodi, nchi ina sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015.

Hata hivyo, malipo hayamrudishi mtoto aliyesombwa. Ukaguzi wa mapema hauhitaji mashine. Mtu anayetembea juu ya tuta na chini yake kila wiki, na kila siku mvua zinapokuwa nyingi, anaweza kuona alama hizi: ufa unaofuata mgongo wa tuta, sehemu iliyobonyea, ambayo maji yatapitia kwanza, udongo unaoteleza kwenye mteremko, mahali palipolowa kwenye mguu wa tuta wakati wa jua. Maji yanayovuja yakiwa meupe, yafuatiliwe. Yakianza kuwa na rangi ya udongo, tuta linaliwa kutoka ndani, na watu wa chini waondoke kwanza kabla ya maswali mengine.

Kuna pia makosa ya kuepuka. Kuchota udongo wa matofali kwenye tuta ni kulipunguza. Kuchimba madini kwenye mguu wake ni kuliangusha. Kujenga ndani ya mkondo wa zamani, kwa sababu tu umekauka tangu tuta lijengwe, ni kuweka nyumba njiani mwa maji.

Kila shefu wa kartie anaweza kuanza na maswali manne tu kabla ya mvua: ni matuta mangapi yako juu yetu, kila moja ni la nani, mfereji wake uko wazi, na usiku nani atapiga filimbi? Kartie yenye majibu hayo imeshafanya nusu ya kazi. Ile isiyo nayo inategemea tu kwamba mvua ya mwaka huu haitapita ya mwaka uliopita.