Mashine Yaandika Sheria: Nani Atafikisha Neno la Mvuvi?

Alfajiri, mitumbwi inaporudi pwani ya Kalemie, wanawake huwa wamekwisha kusimama mchangani na mabeseni yao, wakitazama kama usiku ulikuwa mwema. Dagaa wakiwa wengi, kelele huwa nyingi. Wakiwa wachache, kila mmoja hupiga hesabu kimyakimya: ada ya shule, unga, dawa ya mtoto. Hesabu hizo haziandikwi katika kitabu chochote. Husemwa pale pale mchangani, na jua likipanda kila mtu huenda zake.

Kutoka mchanga huo hata Kinshasa, penye Bunge la Taifa na wabunge wake 500, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Huko ndiko zinakotungwa sheria za kodi, za ardhi, za shule na za ziwa. Mtu aliyepewa kazi ya kulichukua neno la mchangani na kulifikisha huko ni mmoja, yaani mbunge tuliyemchagua. Siku hizi mbunge amepata msaidizi mpya, naye si mtu. Ni mashine, nayo yaitwa akili bandia. Wasomaji wapenzi, yafaa tumjue msaidizi huyo mapema, tujue kazi anayoiweza na kazi asiyoiweza.

Karani asiyechoka

Akili bandia ni nini? Ni programu ya kompyuta iliyolishwa maandishi mengi mno, hata imejifunza jinsi neno moja linavyofuata neno jingine. Ukiiuliza swali, hukutungia jibu katika lugha safi, kama karani hodari asiyelala wala kuchoka. Programu moja ya namna hii, ChatGPT, ilifunguliwa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022. Haukupita mwaka mmoja, nayo ilikuwa imekwisha kuingia katika kazi ya kutunga sheria.

Ilikuwa hivi. Katika mji wa Porto Alegre, nchini Brazili, watu walikuwa wakiibiwa mita zao za maji, kisha wakatozwa fedha ya mita mpya. Diwani mmoja, Ramiro Rosário, alitaka kuwakinga. Aliiandikia ChatGPT maneno machache, yasiyofika 50, nayo ikamtolea muswada mzima. Baraza la madiwani 36 liliupitisha kwa kauli moja, na mwezi wa Novemba 2023 ukawa sheria. Ndipo diwani alipotangaza kwamba mwandishi alikuwa mashine. Mwenyekiti wa baraza alisema kwanza kwamba jambo hilo ni mfano wa hatari. Baadaye alibadili mawazo yake.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Sheria ile ilikuwa na nia njema. Lakini tuangalie vizuri mwanzo wake ulikuwa wapi. Mashine haikutembea katika mitaa ya Porto Alegre, wala haikumwona mtu aliyeibiwa akidaiwa fedha. Aliyeyajua hayo ni diwani. Mashine iliambiwa tu, kisha iliandika.

Faida isiyodharauliwa

Karani wa namna hii aweza kutusaidia sana hata sisi. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 142, yaiagiza Serikali kuieneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndizo Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, katika muda wa siku 60 tangu sheria ilipotangazwa rasmi. Ni agizo jema sana. Lakini wewe baba, na wewe mama, jiulizeni: ni sheria ngapi mlizopata kuzisoma kwa Kiswahili nyumbani mwenu? Kutafsiri sheria ni kazi ndefu na ya gharama. Mashine yaweza kutoa tafsiri ya kwanza kwa dakika chache, na mtu mjuzi wa lugha na sheria akakaa kuisahihisha. Kwa njia hiyo, agizo la Katiba lingekuwa jepesi zaidi kulitimiza.

Wananchi wa Kenya wamekwisha kuionja faida hii. Mwezi wa Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipokuwa Bungeni Nairobi, kijana mmoja, fundi wa programu, alitengeneza chombo cha akili bandia cha kuwaeleza watu vifungu vyake. Mtu aliyeziogopa kurasa nyingi za lugha ya kisheria aliuliza swali lake, akajibiwa kwa maneno mepesi. Wengine waliueleza muswada huo katika lugha za makabila. Maandamano makubwa yalifuata. Kwa huzuni watu walikufa, na tarehe 26 Juni Rais Ruto alisema kwamba hatautia sahihi. Hatusemi kwamba mashine ndiyo iliyouangusha muswada. Twasema kwamba raia akiielewa sheria kabla haijapitishwa, mbunge hana budi kumjibu.

Hatari tatu

Pamoja na faida hizo, ziko hatari ambazo mwenye busara huziangalia.

Ya kwanza: mashine haioni haya kusema uongo. Ikikosa habari, yaweza kuibuni, tena kwa maneno mazuri kabisa. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwako kamwe duniani. ChatGPT ndiyo iliyozitunga. Walitozwa faini ya dola 5,000. Ikiwa wakili aweza kudanganyika hivyo, mbunge mvivu wa kusoma atajilindaje?

Ya pili: barua za uongo. Mwaka 2020, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, nchini Marekani, waliwapelekea wabunge wa majimbo zaidi ya 7,000 barua zipatazo 32,000. Nyingine zilikuwa zimeandikwa na watu, nyingine na mashine. Wabunge walizijibu zote karibu sawasawa, maana hawakuweza kuzitofautisha. Basi, siku hizi mtu mmoja mwenye hila aweza kukaa chumbani akajifanya kijiji kizima kinachonung'unika. Mbunge anayesikia kwa barua tu atawatii watu ambao hawajazaliwa, na kuwasahau walio hai.

Ya tatu ndiyo kubwa kwetu sisi: mashine haiwajui wasioandika. Elimu yake nyingi ni ya maandishi. Tuwafikirie Watwa wa jimbo letu la Tanganyika. Habari zilizoandikwa juu yao, karibu zote zimeandikwa na watu wengine. Twakumbuka jinsi ugomvi wa Watwa na Waluba, hasa mwaka 2016 na 2017, ulivyochoma vijiji na kuwakimbiza maelfu ya watu, wengi wao wakaja kujihifadhi Kalemie. Tarehe 15 Julai 2022 ilitolewa sheria ya kulinda haki za Wambilikimo wenyeji wa nchi, nao Watwa wamo. Mbunge akitaka kujua kama sheria hiyo imeleta amani Nyunzu, mashine itampa kurasa nzuri juu yake. Lakini mzee Mtwa anayeketi mbele ya kibanda chake hakuandika neno katika kurasa hizo. Atajulikana maoni yake siku ile mtu atakapoketi karibu naye na kumwuliza.

Ndivyo ilivyo na mvuvi pia. Mwaka 2024 Tanzania iliufunga uvuvi katika upande wake wa ziwa tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Kusudi lake ni jema, maana ziwa likiisha samaki, wajukuu wetu watakula nini? Sasa, mbunge akiiomba mashine imwandikie sheria kama hiyo, ataipata kabla chai yake haijapoa: makusudi, tarehe, adhabu, yote kwa mpangilio. Pengine mashine itamkumbusha hata kuwafikiria akina mama wanaokausha dagaa. Lakini jibu la akina mama wenyewe, kwamba katika miezi ile mitatu deni la duka hulipwa kwa nini, halimo ndani yake. Sharti liletwe na mtu.

Mbunge akirudi nyumbani

Umoja wa Mabunge Duniani ulitoa mwongozo juu ya mambo haya mwezi wa Desemba 2024, ukisisitiza kwamba kazi ya mashine isimamiwe na binadamu. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, alipowapokea wabunge wa mataifa mengi mjini Roma tarehe 21 Juni 2025, aliwaambia kwamba akili bandia ni chombo cha kumfaa mwanadamu, si cha kumpunguza wala kushika nafasi yake.

Maneno hayo ni ya wabunge. Lakini na sisi tunayo sehemu yetu. Vikao vya kawaida vya Bunge la Taifa ni viwili kwa mwaka: tangu 15 Machi hata 15 Juni, na tangu 15 Septemba hata 15 Desemba. Kati ya vikao, mbunge hupata nafasi ya kurudi kwa wale waliomchagua. Akija, tusimpokee kwa ngoma na vigelegele tu, kisha tukamwacha aende. Tumwulize kwa heshima mambo matatu. Sheria uliyoipigia kura, je, uliisoma mwenyewe? Hapa Kalemie ulimwuliza nani kabla ya kuipigia kura? Na sisi tutaipata lini kwa Kiswahili?

Naye mtoto anayesoma shule, mwenye simu mkononi, apewe kazi jioni: awasomee wazazi habari ya sheria inayowagusa, na baba amwulize, «Umeihakikisha, mwanangu, au umeambiwa na mashine tu?» Huo utakuwa mwanzo mwema wa uraia.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mvuvi hayupo Kinshasa, wala hayumo ndani ya mashine. Basi, mbunge na ashuke pwani alfajiri, mitumbwi inaporudi, asimame karibu na mabeseni, asikilize. Akiisha kusikia, aweza kumwita karani wake asiyechoka, amwagize aandike.