Mduara wa uyoga mbele ya nyumba

Wakazi wa Buruburu, Umoja na Donholm ambao bado hawajamwaga saruji mbele ya nyumba zao huona ajabu moja mvua za masika zinapoanza. Katikati ya nyasi hutokea mduara wa kijani kilichokolea, kana kwamba mtu aliuchora kwa bikari. Haupiti muda mrefu kabla uyoga kuchipuka ukiufuata mduara huo. Wako wanaomlaumu mbwa wa jirani, na wako wanaonong'ona kuhusu uchawi.

Mbwa hana hatia. Mkojo wake huunguza nyasi kwa mabaka, hauleti uyoga. Huu ni ugonjwa wa kuvu inayoishi ardhini ikila kisiki kilichofukiwa, mizizi iliyooza au vipande vya mbao vilivyoachwa na mafundi. Huanzia mahali pamoja, kisha hutambaa kuelekea nje mwaka baada ya mwaka. Inapoozesha mabaki hayo hutoa naitrojeni, ndiyo sababu ukingo wa mduara hunawiri. Lakini nyuzi zake zikisongamana, udongo hukataa maji na nyasi hukauka hata ukimwagilia kila jioni.

Hatari kubwa, hata hivyo, iko jikoni. Uyoga mmoja unaopenda nyasi za nchi za joto, Kenya ikiwemo, huitwa na wataalamu Chlorophyllum molybdites. Ni mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, na ni rahisi kuudhania kuwa uyoga wa mchwa ambao wengi wetu tulilelewa nao mashambani. Anayeula huanza kutapika na kuhara baada ya saa moja hadi tatu hivi, na mtoto mdogo huishiwa maji mwilini upesi. Ukikomaa, upande wa chini wa kofia hugeuka kijani, lakini ukiwa mchanga huwa mweupe, kwa hivyo usiitegemee ishara hiyo. Ung'oe wote asubuhi kabla watoto hawajatoka kucheza. Mtoto akiula, mkimbize hospitalini na ubebe kipande chake.

Kuhusu nyasi zenyewe, dawa za kuua kuvu ni ghali na mara nyingi hazifiki chini. Afadhali utoboe ardhi kwa uma wa bustani kwenye mduara na pambizoni mwake, kisha umwagilie maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ili yapenye. Udongo mweusi wa Eastlands hunata ukilowa na kupasuka ukikauka, basi fanya kazi hiyo ukiwa na unyevu wa wastani. Mbolea kidogo ya CAN itazitia nyasi zote rangi moja, ingawa kuvu itakuwa ingali chini. Anayetaka kuimaliza kabisa achimbe sentimita 30 hivi, aondoe kisiki na udongo wake, ajaze mwingine. Nyasi za Kikuyu zitarudi zenyewe bila kubembelezwa.