Maegesho ya Bure na Kufa kwa Mjini Kati

Mji mdogo ukitangaza kwamba kuegesha gari katikati ya mji sasa kutalipiwa, wanaotangulia kupiga kelele mara nyingi si wenye magari bali ni wenye maduka. Malalamiko yao yanafanana kote: biashara imeshaanza kuyumba, wateja wamepungua, na ada ikiwekwa hapa mlangoni watahamia kwenye jengo la maduka kule barabara kuu, ambako hakuna anayewadai kitu. Hofu hiyo si ya kubeza. Anayeibeza pengine hajawahi kudaiwa pango la duka mwisho wa mwezi.

Ila mita ya kwanza ya maegesho duniani ililetwa na wafanyabiashara wenyewe. Ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935. Aliyeipigania, Carl Magee, mhariri wa gazeti, alikuwa akiongoza kamati ya trafiki ya chama cha wafanyabiashara wa mji huo. Kilichomkera kinajulikana na yeyote aliyewahi kutafuta nafasi mjini saa nne asubuhi. Magari yaliyojaza kando za barabara tangu alfajiri hayakuwa ya wateja. Yalikuwa ya wauza duka na makarani wa ofisi za jirani, na yalikaa hapo mpaka jioni. Mteja alizunguka, akakosa, akaenda zake. Senti tano kwa saa zilitosha kuwafanya wafanyakazi waegeshe mbali kidogo. Inasimuliwa kwamba mita zilifungwa upande mmoja tu wa barabara, na haikuchukua muda wenye maduka wa upande wa pili wakazidai nao.

Ikawaje basi kifaa kilichodaiwa na wenye maduka kikageuka adui yao? Jibu liko zaidi katika mwaka 1956. Mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu za taifa, na huko Edina, pembezoni mwa Minneapolis, likafunguliwa Southdale, jengo la maduka lililofunikwa lote, lenye nafasi za magari zaidi ya 5,000, zote bure. Mbunifu wake, Victor Gruen, alitaka kuwapa watu wa vitongojini kitu kinachofanana na katikati ya mji. Wawekezaji walichukua jengo na uwanja wa magari, yaliyobaki wakayaacha.

Miji midogo iliingiwa na kiwewe. Mingine iling'oa mita. Mingi ilibomoa majengo ya zamani ili kupata viwanja vya kuegesha, kisha ikaweka kanuni kwamba kila jengo jipya lazima lije na idadi fulani ya nafasi za magari. Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa, kubwa kuliko mita yoyote. Jengo la maduka lililo nje ya mji lina ardhi litakavyo, hivyo katika mashindano ya kuegesha mjini kati hapawezi kushinda. Nguvu ya mjini kati ni ukaribu: benki, fundi saa, mkahawa na posta vyote ndani ya hatua mia mbili. Kila nyumba iliyobomolewa ili magari yalale ilipunguza sababu ya mtu kuja, na zilipobaki nafasi nyingi za kuegesha hapakuwa tena na kitu cha kufuata. Bure yenyewe haikuwa bure. Gharama ya uwanja iliingia katika bei ya mkate, na aliyekuja kwa miguu akailipa sawasawa na aliyekuja na gari.

Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwenye suala hili ambalo wenzake waliliona dogo mno. Kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure ni kinene kupita kiasi, lakini mfano wake ulio bora unatosha ukurasa mmoja. Katika miaka ya 1980 Westwood, kitongoji kilicho mlangoni mwa chuo chake, kilikuwa mahali watu wa Los Angeles walipokwenda kutembea jioni na kutazama sinema. Old Pasadena, sehemu kongwe ya mji jirani wa Pasadena, ilikuwa imechakaa, maduka yamefungwa, majengo mazuri ya kale yanasubiri kuanguka. Miaka ishirini baadaye hali ilikuwa imepinduka.

Pasadena ilikuwa na kikomo cha saa mbili, bure. Wafanyakazi wa maduka walikuwa wakitoka kila baada ya muda na kusogeza magari yao ili wasipigwe faini. Manispaa ilipopendekeza mita, wenye maduka waligoma, mpaka ilipotolewa ahadi kwamba kila senti itakayoingia itabaki mtaa huohuo. Mita zikafungwa mwaka 1993, dola moja kwa saa, hata jioni na Jumapili. Kwa kutegemea mapato hayo manispaa ilikopa dola milioni 5, ikatengeneza njia za waenda kwa miguu, taa, miti, na vichochoro vilivyokuwa vikinuka mikojo. Juu ya mita zenyewe yakaandikwa maelezo kwamba pesa hiyo inarudi hapohapo.

Westwood, kwa shinikizo la wafanyabiashara, bei ya mita ilikatwa nusu mwaka 1994, kutoka dola moja hadi senti 50. Wateja hawakurudi. Nafasi za kando ya barabara zilikuwa zimejaa tangu mwanzo, kwa hiyo kupunguza bei kulivutia magari mengine ya kuzigombea. Shoup na wanafunzi wake walipima, wakakuta dereva anazunguka wastani wa dakika 3.3 kabla ya kupata nafasi. Ukizijumlisha kwa mwaka mzima katika kitongoji hicho kidogo, ni zaidi ya kilomita milioni 1.5 za kwenda bila kufika. Njia za miguu ziliendelea kubomoka maana hapakuwa na fungu la kuzitengeneza.

Wenye maduka hukosea pia kuhusu nani anayewalisha. Bristol, Uingereza, shirika la Sustrans liliuliza katika mtaa wa Gloucester Road mwaka 2006. Wauzaji walikadiria kwamba asilimia 41 ya wateja wao huja kwa gari. Waliokuja kwa gari walikuwa asilimia 22. Mwenye gari ndiye anayelalamika dukani; aliyeshuka basi hununua akaondoka. Hata hivyo ripoti ya Mary Portas ya Desemba 2011, iliyoandikwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza kuhusu kudorora kwa mitaa ya maduka, iliweka maegesho ya bure kati ya mapendekezo yake.

Huku kwetu Afrika Mashariki mjadala unafika wakati miji inakua, si inapokufa, na hiyo ni nafuu. Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, Eldoret Agosti 2024. Lakini mfano ulio karibu nao si wa kuigwa. Nairobi hutoza kwa siku. Mwaka 2013 ada ilipanda kutoka shilingi 140 hadi 300. Ukishalipa asubuhi, gari ni la kukaa mpaka usiku. Anayekuja kununua dawa kwa dakika kumi analipa sawa na karani wa saa tisa, na karani ndiye aliyewahi nafasi. Tatizo la Magee limebaki palepale, limeongezewa risiti.

Kuhusu pesa, Katiba ya Kenya ya 2010 inazipa kaunti kazi ya trafiki na maegesho, kisha Kifungu cha 207 kinaagiza mapato yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria ya Bunge inaporuhusu vinginevyo. Nchini Tanzania ada hiyo iliwekwa mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali kuu ulioanza 2017. Mwenye duka wa Moshi au Eldoret akiuliza ada ya mlangoni pake imetengeneza nini, hana pa kuonyeshwa. Hasira yake ina msingi, ingawa anailenga mita.

Wafuasi wa Shoup nao wakati mwingine hutia chumvi. Old Pasadena ilikuwa na majengo ya kuvutia na mamilioni ya watu kando yake, na migahawa na sinema zilishaanza kurejea kabla ya 1993. Mita haifufui mtaa usio na mtu. Shoup mwenyewe alishauri bei ipangwe ili nafasi zipatazo asilimia 15 zibaki wazi wakati wote. Mtaa ambao tayari una nusu ya nafasi tupu, bei yake sahihi kwa kipimo hicho ni sifuri, na kutoza hapo ni kodi tu iliyovaa sare ya trafiki. Kujua mtaa wako uko upande gani ni kazi ya watu wawili wenye daftari, kila saa kwa wiki moja, wakiandika ni magari mangapi yapo na ni yapi hayakusogea tangu asubuhi. Kwetu mara nyingi kiwango cha ada hutangazwa kwanza.